Mwanahamisi na Kitenzi cha Kurudi

Asubuhi nyingi, katika nyumba moja ya Al Wukair, nje kidogo ya Doha, yenye ua wa kokoto, ukipita karibu na dirisha la jikoni utasikia wanawake wawili wakiimba kitu ambacho si wimbo. "Regresaría, regresarías, regresaría." Sauti moja ni nyembamba, ya kizee, nayo hutangulia. Ya pili ni nene, ya Kitanga, nayo hufuata kwa kuburuta. Kisha kicheko, kisha kelele za sufuria, kisha wanaanza upya.

Sauti nene ni ya Mwanahamisi, mzaliwa wa Pangani, mjane, mama wa binti mmoja. Tuseme ukweli, huyu mama hajapata kukutana na ukimya akaupenda. Akija fundi wa kiyoyozi atamwuliza habari za nyumbani kwao Kerala mpaka fundi asahau alichojia. Akikosa mtu, huongea na mchele. Na Mungu, ambaye naye ana utani wake, akamleta huyo huyo Mwanahamisi kufanya kazi kwenye nyumba ambayo, ukimtoa dereva, hakuna aliyeelewa Kiswahili chake hata neno moja.

Mwenye nyumba ni mhandisi kutoka Kolombia, jina lake Ignacio, ila kila mtu humwita Injinia. Ni mtu wa miaka hamsini, mpole, mwenye kutembea huku akitazama chini kana kwamba amedondosha ufunguo. Aliwahi kuwa na mke, mke akaondoka, na habari hiyo haituhusu. Alfajiri huenda kazini Lusail, akirudi jua limeshazama. Kiingereza anacho, na yeye na Mwanahamisi walielewana vizuri kwa maneno machache ya kazi.

Ambaye Mwanahamisi hakuwa na hata neno moja la kuelewana naye ni mama yake Injinia, Doña Rosalba. Hilo "Doña" ni heshima tu, kama sisi tunavyosema Bi. Alikuwa mwalimu wa lugha huko Popayán, mji wa milimani wenye kuta nyeupe na mvua za alasiri, mpaka akastaafu. Mumewe alipofariki, Injinia akasema mama hawezi kubaki peke yake na nyonga mbovu, akamkatia tiketi, akamleta Doha. Mwana mwema hufanya hivyo, na hakuna aliyemlaumu. Ila hakumwuliza mama kama anataka, na mama naye hakusema.

Wiki za mwanzo wanawake hao wawili walizungumza kwa mikono. Chumvi ilikuwa kubana vidole, dawa ilikuwa kujipiga kifua, na kuku alikuwa kupiga mabawa. Mwanahamisi alipiga mabawa kwa bidii mpaka Doña Rosalba akaishiwa nguvu kwa kucheka. Siku iliyofuata bibi akashuka na karatasi, akaketi kwenye meza ya jikoni, akagonga kiti cha pembeni yake. Aliyesomesha maisha yake yote asingeweza kuishi nyumba moja na mtu asiyejua vitenzi.

Ndivyo masomo yalivyoanza, miaka sita sasa. Darasa lilikuwa meza, na mikono ya mwalimu na ya mwanafunzi ilikuwa na kazi: kuchambua maharage, kumenya vitunguu saumu, kukanda unga wa mahindi wa zile arepa, mikate bapa ya kwao, ambazo bibi hawezi kuanza siku bila kuzila. Mwanahamisi alijifunza kwa njia pekee aliyoijua, ile ya chuoni kwa Maalimu alipokuwa mdogo: kusoma kwa sauti huku mwili unakwenda mbele na nyuma. Doña Rosalba alipomwona anayumba alidhani ameshikwa na kizunguzungu, akamletea maji. Alipoelewa, akaanza kuyumba naye. Hamza, dereva wa nyumba, alichungulia mlangoni siku moja akawakuta wote wawili wanapiga mwendo mbele na nyuma juu ya sinia la maharage.

"Bi Mwanahamisi," akasema, "mie nakuulizeni tu. Hicho Kihispania utakwenda kumsemesha nani Pangani? Pweza?"

"Nitakusengenya wewe," Mwanahamisi akamjibu, "na hutajua."

Hamza ni Mzanzibari wa Makunduchi, mtu mzima mwenye mvi za heshima na ulimi laini kama samli. Yeye ndiye humpeleka Doña Rosalba kanisani na hospitali, na hamwachi ashuke garini bila kumshika kiwiko. Mkumbukeni, maana yeye ndiye aliyeponza mambo, ingawa si kwa kosa lake.

Basi wakapita wakati uliopo, wakapita uliopita, wakapita ujao, mpaka mwaka huu wakafika kwenye hali ya masharti, ile ya kusema jambo ambalo lingekuwa kama mambo mengine yangekuwa. Doña Rosalba alichagua kitenzi cha kurudi, regresar. Mwanahamisi alipouliza kwa nini hicho, bibi akasema ni kitenzi chenye adabu, hakina kona. Unakichukua kizima kizima bila kukikata, unakitia mkia. Regresaría, ningerudi. Regresarías, ungerudi. Regresaría, angerudi. Regresaríamos, tungerudi. Regresaríais, mngerudi, lakini hiyo ya mwisho ni ya Wahispania wenyewe wa Ulaya, bibi akasema huku akipunga mkono, kwao Popayán watu hawaitumii, wao husema regresarían kwa mngerudi na kwa wangerudi pia.

Mwanahamisi alisimamisha mikono yake ndani ya unga.

"Kumbe na kwenu kuna nge!" akapiga kelele kwa Kiswahili, kisha akakumbuka na kulieleza kwa Kihispania. Sisi tunaiweka katikati, nyinyi mnaiweka nyuma, lakini ni ile ile. Alifurahi kama mtu aliyekutana na ndugu wa ukoo uwanja wa ndege. Tangu siku hiyo hakuna kitu ndani ya nyumba kilichosalimika. Maziwa yangechemka, Hamza angeoga, Injinia angekula kama angerudi mapema. Alivinyambua vyote.

Mwezi wa tisa simu ikaja kutoka Pangani. Binti yake, Mwanaisha, alikuwa ameposwa, na harusi imepangwa mwezi wa kumi na mbili. Mwanahamisi alipiga kigelegele jikoni mpaka bibi akatoka chumbani na mkongojo. Lakini baada ya vigelegele Mwanaisha akauliza.

"Mama, utakuja? Maana mara zote husema utakuja."

Lilimchoma. Alikosa mahafali ya binti huyo, alikosa khitma yake ya kumaliza msahafu, alikosa homa zake zote. Na kila mara alikuwa na sababu nzuri. Akijipima, alijua harusi hii akiikosa, Mwanaisha atamsamehe kwa mdomo, ila moyoni atakuwa amezoea kuishi bila mama. Hilo ndilo alilolihofia kuliko kitu chochote.

Tatizo lilikuwa Doña Rosalba. Nani angekaa naye miezi miwili? Wafanyakazi wa kukodi wapo tele, lakini si wa kujua Kihispania, si wa kujua kwamba nyonga ikimuuma bibi hasemi, hunyamaza tu na kukunja leso. Likizo, ambayo huku Ghuba wote huiita ijaza, ingebidi Mwanahamisi aiombe kwa mtu yule yule atakayeumia yeye akiipata. Alizunguka na jambo hilo tumboni siku kadhaa. Halafu akafanya kile ambacho mtu yeyote wa kwao mwenye malezi angefanya. Akatafuta mshenga.

Najua, mshenga ni wa posa, msinisahihishe. Lakini ukoo wa kina Mwanahamisi hutuma mtu hata kuomba kiwanja. Jambo zito huliombi mwenyewe ukiwa umemkodolea mwenzio macho. Huko ni kumkaba. Unatafuta mtu mzima, mwenye maneno, anakwenda kwa niaba yako, anaketi, anazunguka, analifikisha. Na mtu mzima mwenye maneno aliyekuwapo alikuwa Hamza.

Hamza alilipokea jukumu kwa uzito wake. Ijumaa baada ya sala alivaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia yake ya viua, akapitia dukani akachukua kisanduku cha tende, akaingia sebuleni kwa mlango wa mbele, mlango ambao hajawahi kuupitia. Injinia na mama yake walikuwa wanakunywa kahawa. Hamza akaketi. Akauliza hali ya Injinia, hali ya mama, hali ya nyonga, hali ya kazi Lusail, hali ya Kolombia kwa jumla. Injinia alizidi kubadilika rangi, maana mtu ambaye kila siku humwambia "good morning" tu sasa ameketi mbele yake na tende. Mwishowe Hamza akasema kwa Kiingereza chake kwamba ametumwa na Mwanahamisi, ambaye anaheshimu nyumba hii sana, na ambaye angeomba, kama haitakuwa taabu, kwenda kwao.

Injinia akamtafsiria mama yake. Kikombe cha Doña Rosalba kikabaki hewani.

"Yuko jikoni?" bibi akauliza, Injinia akiwatafsiria.

"Yuko jikoni," akasema Hamza.

"Hatua chache kutoka hapa. Na amekutuma wewe?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwa akili za watu wa Popayán, mtu aliye jikoni akituma dereva kuja sebuleni kusema anataka kuondoka, maana yake ni moja kati ya mbili: ama anakuogopa, ama amekuchoka. Bibi aliinuka bila kumaliza kahawa. Injinia akabaki anaangalia tende. Baadaye alimwita Mwanahamisi, akamwuliza kwa upole kama kuna mtu yeyote humu ndani aliyemkosea. Akamwambia yeye hana neno kuhusu likizo, ila jibu liko kwa mama. "Mama akikubali, nenda kwa amani. Akikataa, siwezi kumwacha peke yake. Nisamehe."

Na mama alikuwa amejifungia. Jumamosi hakushuka. Jumapili, ambayo Injinia hurudi kazini, alishuka akala arepa yake akiwa amesimama, akapanda juu. Hakukuwa na kitenzi. Mwanahamisi alimenya vitunguu peke yake, na safari hii hakuongea hata na mchele. Alilia pia, asiseme mtu kwamba ni vitunguu.

"Mie nimekosea wapi?" Hamza akamwuliza mlangoni, kofia mkononi. "Nimesema maneno mazuri, wallahi."

"Hujakosea, kaka Hamza. Umeyasema kwa watu wasiojua kupokea."

Siku iliyofuata hakustahimili tena. Alichukua sinia la maharage, akapanda nalo ngazi, akagonga mlango wa bibi kwa kisigino, akaingia kabla ya kuitwa. Doña Rosalba alikuwa kwenye kiti chake, leso imekunjwa kwenye kiganja. Mwanahamisi akaketi chini kwenye zulia, akaweka sinia katikati yao, akaanza kuchambua. Aliongea bila kuinua macho, kwa Kihispania chake chote, kizuri na kibovu.

"Doña, sikutuma mtu kwa sababu nakuogopa. Nilituma kwa sababu wewe ungekataa. Labda ungekataa. Na kama ungekataa mbele yangu, mimi ningeuona uso wako, wewe ungeuona wangu. Tungeishije baada ya hapo? Lakini ukimkatalia Hamza, umemkatalia Hamza. Yeye angekuja jikoni, angeniambia polepole. Mimi ningelia jikoni, wewe ungelia huku juu. Kesho yake tungechambua maharage, na hakuna aliyemwona mwenzake. Kwetu hiyo ndiyo heshima. Ni kukuachia mlango wa kusema hapana."

Bibi aliiweka leso pajani. Mkono wake ulishuka kwenye sinia, ukachukua konzi ya maharage, ukaanza kutoa mawe.

"Na wewe ulitaka nikatae?" akauliza baadaye.

"Hapana. Nilitaka uweze."

Doña Rosalba alitoa mawe mengine, na mengine ambayo hayakuwa mawe. Akamwuliza binti anaolewa na nani. Mwanahamisi akamwambia: kijana wa Muheza, fundi seremala, mtaratibu, masikio makubwa. Bibi akacheka kidogo kwenye masikio. Akauliza siku ya harusi mama hufanya nini. Mwanahamisi akamweleza yote, hina na udi na kanga, na jinsi mama anavyoketi chumbani na binti kabla hajatolewa, wawili tu, mlango umefungwa, akimwambia yale ya kuambiwa. Akafika hapo, akainamia maharage.

"Basi nenda," akasema Doña Rosalba. "Nenda ukafunge huo mlango. Ningekuwa mama mbaya kukuzuia."

Mwanahamisi alimkumbatia magoti huku maharage yakimwagika kwenye zulia lote. Alimwita bibi, akamwita mama, akamwita majina ya Kiswahili ambayo hayamo kwenye somo lolote. Furaha ilimjaa mpaka akaanza kupanga kwa sauti: atamtafuta mtu mwema wa kukaa naye, atampigia simu kila siku, atarudi kabla ya mwezi wa pili kuisha.

"Mwanahamisi," bibi akamkatiza. Alikuwa anatazama dirishani, ambako ukuta wa jirani unawaka jua. "Ile aliyoivaa Hamza siku ile ni nguo gani?"

"Kanzu yake nzuri, Doña."

"Wewe unayo nguo nzuri?"

"Ninayo ya Idi."

"Basi ivae Ijumaa. Mimi nina dada Popayán. Ofelia. Ana nyumba isiyo ya ghorofa, haina ngazi, na ana mtu wa kumsaidia. Kila Jumapili ananiuliza kwenye simu nitarudi lini, na mimi kila Jumapili ninabadilisha mazungumzo. Mwanangu amenileta hapa kwa upendo. Amenijengea bafu lenye vyuma vya kushikilia. Nikimwambia nataka kwenda kwetu, nitamwona usoni anavyovunjika, na nitasema hapana, hapana, nilikuwa natania. Nimeshafanya hivyo mara nyingi." Akaikunjua leso, akaikunja tena. "Sikujua kwamba mtu anaweza kumtuma mwingine."

Mwanahamisi akaanza kuokota maharage kwenye zulia. Kwa hiyo hata akirudi mwezi wa pili, hakutakuwa na mtu wa kumrudia. Alilielewa hilo pale pale, na likamuuma, na hakulisema, kwa sababu huyu mwanamke alikuwa amemfungulia mlango dakika hiyo hiyo.

"Nitakwenda," akasema.

Ijumaa Injinia alikuwa katika ofisi yake ya nyumbani, anapekua michoro. Mwanahamisi aliingia akiwa na gauni lake la Idi na mtandio wenye nakshi, mkononi sahani ya arepa, maana tende zilishaharibu mambo mara moja. Injinia akadhani ni habari ya tiketi, akaanza kutafuta simu. Mwanahamisi akaketi. Hakuwa amewahi kuketi mbele yake. Akamwuliza hali yake, hali ya kazi, hali ya usingizi wake. Injinia akaweka simu chini taratibu, akatazama gauni, akatazama sahani. Miaka sita si michache, na Ijumaa iliyopita alikuwa amejifunza kitu.

"Nani amekutuma?" akauliza.

"Mama yako."

Akalifikisha. Hakuongeza chumvi na hakupunguza, jambo ambalo kwake lilikuwa gumu kuliko Kihispania chenyewe. Alimwambia kuhusu Ofelia na nyumba isiyo na ngazi. Alimwambia kuwa mama anashukuru kwa bafu, kwa kanisa, kwa kila kitu, na kwamba angetaka kufia mahali ambapo mvua inanyesha alasiri. Injinia alisikiliza akiwa ameinama.

"Kwa nini hakuniambia mwenyewe? Mimi ni mwanawe."

"Ndiyo maana," akasema Mwanahamisi. "Ungemwomba abaki, naye angebaki."

Injinia aliziba uso kwa mikono miwili, na mabega yake yakaanza kutikisika. Mwanahamisi aliinamisha macho kwenye zulia, kama inavyompasa mjumbe, akangoja. Hakumwambia nyamaza. Hakuondoka pia, maana hakupewa jibu la kuondoka nalo. Mwishowe Injinia akajifuta kwa kiganja, akavuta pumzi.

"Mwambie ndiyo. Mwambie nitampeleka mimi mwenyewe, na nitakuwa nakwenda kila Krismasi." Akasita. "Na tafadhali, usimwambie kwamba nimelia."

Mwanahamisi akaahidi. Alipanda ngazi polepole, akiwa ameinua kidogo pindo la gauni. Doña Rosalba alikuwa amesimama katikati ya chumba bila mkongojo, kitu alichokatazwa na daktari.

"Amesema ndiyo, Doña. Atakupeleka mwenyewe."

Bibi alitikisa kichwa, mara moja, mara mbili. Hakuonekana amefurahi. Alishika ukingo wa kitanda akaketi.

"Alilia?" akauliza.

Mwanahamisi alimtazama. Alikuwa ameahidi, tena muda mfupi uliopita.

"Alilia sana," akasema.

"Gracias a Dios," Doña Rosalba akamshukuru Mungu, ndipo naye akaanza kulia, na Mwanahamisi akaketi pembeni yake kitandani na gauni lake la Idi.